Mama Nani?

Lupiro mwanamke mgeni huulizwa jina mara mbili. Mara ya kwanza anataja jina alilopewa na wazazi wake, watu wanaitikia, kisha wanasubiri. Swali la pili ndilo lenye kazi: "Mama nani?" Akijibu Mama Shukuru au Mama Zawadi, basi, amekaa. Lile jina la kwanza litapumzika mpaka siku ya kujiandikisha kupiga kura. Asipokuwa na jibu ataitwa dada mpaka aote mvi, au ataitwa kwa kazi yake. Mimi naitwa Madamu kwa sababu nafundisha sekondari. Ni jina zuri, sina neno nalo. Ila wenzangu wa kike katika ofisi ya walimu wanaitwa Madamu shuleni tu. Wakishatoka getini wanageuka kuwa Mama Fulani. Mimi Umadamu nalala nao.

Nina miaka 37 na sina mtoto. Sababu sitaiandika hapa, wala si kwa aibu. Lugha yetu ikishajua sababu humpeleka mtu kwenye chumba kimojawapo kati ya viwili. Aliyetaka akakosa ni mgumba, ni tasa, na anahurumiwa. Aliyeweza lakini hakutaka hana hata jina. Ana minong'ono tu: amekabidhi kizazi kwa waganga apate mali, amesoma mno, ana jambo analificha. Wa kwanza anaombewa, wa pili anahukumiwa, na kwa wote wawili mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nataka tubaki kwanza nje ya vyumba hivyo na swali moja: kutokuwa mama ni kitu chenyewe, chenye umbo lake, au ni nafasi tupu ambayo kitu fulani kilipaswa kuwepo? Mwanafalsafa angeandikia kitabu. Kwetu swali hilo linaulizwa bombani, kabla ndoo haijajaa.

Sisi wa bonde hili tumezoea kuhesabiwa. Tangu mwaka 1996 watafiti wa afya wa Ifakara wamekuwa na utaratibu wa kupita kaya kwa kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, nani ana mimba. Kuna watu hukereka. Mimi, ukweli, nawapenda wadadisi wale. Ukisema hapana, mdadisi anaandika hapana na kwenda swali linalofuata. Hapana yangu haimpi kiu ya kujua zaidi. Sijawahi kupata jirani wa namna hiyo.

Maana nchi nzima ina maoni juu ya jambo hili. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8. Mei 2018 Rais John Magufuli alikuja kufungua daraja letu la Mto Kilombero, lile lililotuondolea pantoni, na tulishangilia kwa haki kabisa. Septemba mwaka uleule, akiwa Meatu mkoani Simiyu, aliwaambia wananchi kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wasiotaka kulisha watoto. Lakini wakati huohuo, na mpaka Novemba 2021, msichana aliyepata mimba shuleni alikuwa hana ruhusa ya kurudi kwenye shule ya serikali baada ya kujifungua. Nimewaona wakifungasha madaftari. Kwa hiyo ukisikia kwamba jamii yetu inaheshimu uzazi, uliza uzazi upi. Binti wa miaka 16 alizaa, akawa mama kwa kila kipimo cha mwili, tukamfungia geti. Mimi sikuzaa, nikabaki ndani ya geti na chaki mkononi, nikipewa pole. Inaonekana "mama" hatumpi kila aliyezaa. Ni cheo, na vyeo hutolewa na watu.

Niliyafikiria haya kwa miaka bila mpangilio wowote. Kilichonipa mpangilio ni video ya msanii wa Kenya, Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Jina lake ni The End of Carrying All. Darasani niliiita Mwisho wa Kubeba Yote. Ilionyeshwa Venice mwaka 2015, kwenye yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, ikiwa imetandazwa kwenye skrini tatu pana. Mimi ninavyo vipande tu, nilivyopakua Ifakara mjini siku ambayo mtandao ulikuwa na afya.

Mwanamke anatembea, kikapu kichwani. Anayetembea ni Mutu mwenyewe. Nyuma yake kuna mbuga, nyasi, mti mmojammoja, anga kubwa. Mwanzoni anatembea kama watu wanavyotembea hapa kutoka shambani, shingo imenyooka, nyonga ndizo zinazofanya kazi. Halafu mzigo unaanza kuongezeka wenyewe. Linatokea gurudumu, linatokea jengo, dishi la televisheni, vitu juu ya vitu, mpaka kikapu kinakuwa kama mji mzima umekaa juu ya kichwa cha mtu mmoja. Mgongo unapinda. Hatua zinafupika. Mwishowe huwezi tena kutofautisha mwanamke na mzigo. Wamekuwa donge moja zito linalojikokota mpaka ukingoni na kutumbukia. Kisha video inaanza upya, na yule pale, amenyooka, anakuja.

Niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu, kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya meza mbili zilizopandishana. Nilitaka tuzungumzie taswira. Kijana mmoja wa nyuma akauliza: "Madamu, mtoto yuko wapi?"

Darasa likacheka. Nikarudisha video nyuma, maana lilikuwa swali kali kuliko yote niliyoyaandaa. Kweli, mgongo wa yule mwanamke ni mtupu. Kabeba kila kilichopo duniani isipokuwa mtoto, na macho ya Lupiro yaliona pengo hilo kabla ya kuona dishi. Msichana mmoja akasema amemwacha kwa bibi yake. Mwingine akasema hana. Wa tatu, kwa sauti ya mtu anayeweka kadi ya mwisho mezani: "Huo mzigo ndio mtoto." Akajibiwa na msichana wa dirishani: "Mtoto gani anamuua mama yake?" Hapo kicheko kikaisha, kwa sababu wote tulijua mama yake yeye alifariki akimzaa mdogo wake. Takwimu za mwaka 2022 zinasema vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na hilo ni jambo kubwa la kushukuru. Lakini huwezi kumsomea takwimu mtu aliyekaa dirishani.

Jioni nililiwaza neno lenyewe, kubeba. Kwa Kiswahili mimba hubebwa, mtoto hubebwa, na mzigo, na lawama, na jina la ukoo. Tunatumia kitenzi kimoja kisha tunafanya kana kwamba moja tu kati ya hayo ndilo linalomfanya mwanamke awe mtu mzima. Alichofanya Mutu ni kukivua kitenzi nguo. Amemwondoa mtoto, ambaye ndiye humfanya kila mtazamaji aseme "maskini mama, jinsi anavyojitoa", akabakiza shingo, uti wa mgongo, pumzi. Bila mtoto huwezi kuusifu mzigo. Unabaki kuutazama tu, na ukiutazama unaanza kuuliza nani kauweka pale.

Mimi nambebea dada yangu ada za watoto wawili. Nimembeba mama yangu, kihalisi, kutoka kitandani hadi chooni, kwa miezi saba ya mwisho wake. Majirani waliona na wakanisifu kwa sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi hata nimeikariri: "Hana mtoto, lakini ana moyo." Sina shida na moyo. Shida yangu ni hiyo lakini.

Kwa wenzetu wa mbali lakini hiyo ipo pia, ila imevaa vizuri. Mwaka 2016 Marina Abramović, mkongwe wa sanaa ya maonyesho ya mwili aliyezaliwa Belgrade, aliliambia gazeti moja la Ujerumani kwamba alitoa mimba mara tatu kwa kuwa aliamini mtoto angekuwa balaa kwa kazi yake. Nguvu ya mwili ina kikomo, na ingebidi aigawe. Alisemwa sana. Uamuzi ni wake, na sitamhukumu. Ninachokitilia shaka ni mizani aliyotumia. Upande mmoja mtoto, upande wa pili kazi za sanaa, na zikipimwa zinalingana, basi deni limelipwa. Majirani zangu wanatumia mizani hiyohiyo. Wanapotafuta mema ya kusema juu yangu huweka upande wa pili digrii, kiwanja, bati za nyumba ya wazazi. Wanakuwa wema kwelikweli. Lakini mtu anayelipa deni anakubali kwamba alikopa.

Namwelewa zaidi Mierle Laderman Ukeles wa New York. Yeye alijifungua mwaka 1968, akakuta watu hawajui tena wamwulize nini kuhusu sanaa, na mwaka 1969 akaandika ilani kwamba kazi za kutunza, kufua, kufagia, kulisha, ndizo zitakuwa sanaa yake. Mwaka 1973 alipiga magoti kwenye ngazi za jumba la makumbusho huko Hartford akazisugua kwa maji, mbele za watu. Namfikiria Mama Zawadi akiona picha zile. Nadhani angesema ngazi zile hazijatakata. Lakini kuna jambo pale. Ukeles alikuwa mama, ila hakupeleka umama kwenye makumbusho. Alipeleka kusugua. Na kusugua hakuulizi aliyeshika brashi amezaa au hajazaa.

Hata hivyo sikuhitaji kwenda Hartford kuona mikono ya umama ikifanya kazi bila mtoto. Mkoani kwetu Morogoro na kuelekea pwani, kwa Wakwere, Wazaramo na Waluguru, kulikuwa na mwana hiti: kinyago kidogo cha mti, hakina mikono wala miguu, kichwani kina nywele zilizochongwa kama vishungi viwili. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa hicho. Alikiosha, alikipaka mafuta, alikipakata, na alitahadharishwa kwamba akikitelekeza atakosa uzazi. Siku hizi vinyago hivyo vimetulia kwenye makabati ya kioo Ulaya na Marekani, watu wakisifu ufundi wa mchongaji. Sanaa kubwa nadhani ilikuwa ya yule binti aliyekuwa gizani, wiki baada ya wiki, akicheza umama kabla hajajua kama ataupata. Wazee walijua kwamba umama una vitendo vyake, kwamba vinafundishika, na kwamba mikono inaweza kuvijua hata tumbo lisipovijua. Halafu, nakiri hili linanikera, wakafunga somo zuri namna hiyo kwa kitisho cha ugumba.

Na anayemfundisha mwali ni nani? Hapa ndipo mila ina akili kuliko sisi tunaoirithi. Mama mzazi si mwalimu wa bintiye. Anapika, anatafuta fedha, anasubiri nje. Ndani anaingia somo, anaingia kungwi, shangazi, bibi. Kuna mambo mtoto hawezi kuambiwa na aliyemzaa, kwa sababu aliyemzaa ana maslahi, ana hofu, ana wajukuu anaowataka. Panahitajika mwanamke ambaye kwa binti huyu si mama, na ambaye kazi yake inawezekana kwa sababu si mama.

Kungwi maarufu kuliko wote tuliowahi kuwa nao hakuzaa. Namzungumzia Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na umri ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha. Dunia ilimjua kwa taarab na ikampa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Lakini mabibi harusi wa Unguja walimjua kwa unyago. Alisimama na ngoma ya msondo imefungwa kiunoni kwa nguo, akaipiga, akafundisha kwa nyimbo na kwa kiuno yale ambayo bibi harusi anatakiwa kuyajua. Mwanamke asiye na mtoto aliwafundisha wanawake vizazi kwa vizazi mambo ya kitanda na uzazi, na sijasikia bibi harusi aliyedai ada yake irudishwe.

Nimesikia watu wakimsifu kwamba, ingawa hakuzaa, alikuwa mama wa mabibi harusi wote. Sifa hiyo naikataa kwa niaba yake, kama ataniruhusu. Hakuwa mama yao. Alikuwa kungwi wao, na kungwi si mama aliyepungukiwa. Tukimwita mama tunadhani tunampandisha, kumbe tunafuta kiti ambacho wazee walikichonga makusudi kwa ajili ya mtu wa namna yake, kisha tunamwomba radhi kwa kumkalisha kwenye kiti cha mwingine. Tunafanya hivyo kila siku. Mwanamke akishika madaraka anageuzwa mama, akilea yatima ni mama, akiwa rais ni Mama. Heshima tunayo nyingi, ila jina la kuitia tumebaki nalo moja.

Kicheni pati zimezidisha. Ifakara siku hizi kuna ukumbi, kuna MC, kuna mpiga video anayezunguka na taa, na kila anayepewa kipaza sauti kumfunda bibi harusi huanza kwa kutaja miaka ya ndoa na idadi ya watoto, kama anaonyesha kitambulisho mlangoni. Nimeketi kwenye hafla za namna hiyo nikila pilau nzuri sana. Kinachoniumiza ni kwamba tumepata kamera tukapoteza kiti.

Msanii wa video ambaye namsogelea kwa ajili hiyo ni Mtanzania, Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Kazi zake nyingi za video na maonyesho zimetokana na desturi, hadithi na nyimbo za wanawake wa ukoo wake, hasa mama yake na bibi yake. Na mama huyo, mwandishi na mchapishaji Demere Kitunga, hushirikiana naye kwa maandishi. Kinachonivuta ni upande anaosimama. Anautazama ukoo wa kike kutoka kwa binti kwenda juu. Si wanawake wote ni mama wa mtu, lakini kila mmoja ni binti wa mtu, na urithi kumbe unaweza kuhesabiwa kuanzia kwa anayepokea. Nikifunga kanga kiunoni kabla ya kuinua gunia la mpunga, fundo langu ni la bibi yangu. Halikusubiri nizae ndipo lifike mikononi mwangu. Litaenda wapi baada yangu, hilo ndilo ambalo watu huniuliza kwa macho, na nimeanza kufikiri kwamba fundo hujifunza yeyote aliyesimama karibu.

Mwaka huu swali hilo limeacha kuwa la kufikiri tu. Mama Shukuru, jirani yangu, ana binti wa pili aliyevunja ungo mwezi wa tatu. Jioni moja alikuja na sahani ya mchele mpya akanitaka niwe somo wa binti. Nilimwuliza kama amefikiri vizuri. Akasema mtoto mwenyewe ndiye aliyenitaja.

Habari ilizunguka kabla sahani haijarudi kwake. Shangazi mmoja upande wa baba akasema haiwezekani, mwali hashikwi na mkono usiozaa, ni kumtakia ukame. Alisema mbele yangu, kwa upole, akiniita mwanangu, na ninajua hakuwa na chuki. Alikuwa anamwogopea mtoto. Kikaitishwa kikao cha wanawake chini ya mwembe. Nilikaa kwenye mkeka nikisikiliza mwili wangu ukijadiliwa kama mpaka wa shamba. Wengine waliongea kwa methali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakasema, na hapo niliona haki yao. Kuna mlango sijaupita, na sitajifanya kuujua. Nafundisha vita vya Majimaji bila kuwahi kushika mkuki, lakini historia haitamrudia mwanafunzi usiku wa manane na kumwambia isukume.

Aliyemaliza kikao ni bibi mmoja mzee, Mpogoro wa zamani, ambaye siku zote nilidhani hasikii. Aliuliza: "Mama yake huyu mtoto ataingia ndani?" Wakasema haingii. "Basi mnatafuta nani humo ndani, mama mwingine?" Hakuna aliyejibu. Shangazi alivuta kanga yake, akasema yeye bado anaogopa, lakini hatazuia. Nikasema kwenye mambo ya kujifungua nitamwita yeye aje aseme mwenyewe, nami nitakaa kimya nisikilize pamoja na mwali. Akaniangalia muda mrefu. Akasema atakuja.

Ngoma imepangwa likizo ya Juni, mpunga ukiwa umeshaanza kuingia ghalani, ili binti asikose kipindi hata kimoja. Hilo lilikuwa sharti langu na halikuwa na mjadala. Nimeambiwa nilete doti mbili za kanga, mafuta ya nazi na sabuni ya mche. Shangazi ametuma ujumbe kwamba simu niiache nyumbani.